Barua kwa mwanangu: watunza taa wa jicho

Kibirizi, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa kutoka Tabora nimeusoma mara mbili. Umeniuliza: "Mama, kama natunga uzi kwenye sindano bila miwani, nikapimwe macho ya nini?" Miaka yangu yote ya unesi wa macho nimeulizwa hivyo, ila safari hii aliyeuliza ni wewe, mwenye kisukari, na usingizi umenipaa.

Unaukumbuka mtumbwi wa babu yako? Dagaa walifuata mwanga wa karabai, na karabai ilikuwa na mtu wake wa kuipiga pampu na kufuta masizi kwenye kioo. Mtu huyo akisinzia, taa haizimiki papo hapo.

Kwenye retina, nyuma ya jicho, seli zinazopokea mwanga nazo zina watunzaji, waitwao seli za glia. Wakubwa wao kwa umbo aliwaeleza Mjerumani Heinrich Müller mwaka 1851, ndiyo maana huitwa seli za Müller. Wamesimama kama nguzo, toka upande mmoja wa retina hadi wa pili. Wanalisha neva, wanazoa glutameti, kemikali ambayo ikizidi inaua neva hizo hizo, na wanayatoa maji yasituame. Glia wengine, wadogo, huzungukazunguka wakila uchafu.

Sukari ikikaa juu muda mrefu, watunzaji hawa huanza kuugua nawe bado unaona vizuri. Seli za Müller huvimba, maji yanabaki ndani, kisha zinamwaga kemikali inayofanya mishipa ya damu ivuje. Samaki pundamilia akiumia jicho, seli hizi humjengea retina upya. Sisi hutuachia kovu.

Baba yako mkubwa, fundi cherehani wa Ujiji, alifumua mshono wa gauni moja mara tatu akisema umepinda. Niliushika mkononi: umenyooka kama rula. Maji yalikuwa yameshajaa katikati ya retina yake. Miaka tisa ya kisukari, macho hayakuwahi kuangaliwa hata siku moja. Sindano za machoni zilimsaidia kiasi, lakini cherehani aliiacha.

Nenda wiki hii, mwanangu, halafu kila mwaka. Watakutia matone ya kupanua mboni, utaona ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo pikipiki iache nyumbani na ubebe miwani ya jua. Ukirudi niandikie walichokiona, na sukari yako ya asubuhi imesoma ngapi.

Mama yako