Taa ya oili inapepesa injini ikipata moto: swichi au injini?

Swali: Assalaam alaykum fundi. Nina HiAce ya zamani, injini 2L ya dizeli, inapiga ruti ya Chake na Konde hapa Pemba. Ikishapata moto, kwenye sailensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, taa ya oili inapepesa. Nikikanyaga mafuta inazima. Fundi mmoja kauchomoa waya wa swichi ya oili, taa ikazima moja kwa moja. Mwengine ananambia nitie oili nzito. Nimsikilize nani?

Jibu: Waalaykumu salaam. Urudishe waya leo hii.

Umeme wa taa hiyo unatoka kwenye swichi ya ufunguo, unapita kwenye glopu ya dashibodi, kisha unateremka kwa waya mmoja hadi swichi ya oili iliyofungwa kwenye bloku. Ndani yake mna kiwambo na springi. Ufunguo ukiwa umefunguliwa na injini haijawaka, springi inaigusisha pini na ethi, yaani chuma cha injini, taa inawaka. Pampu ikishajenga presha, oili inakisukuma kiwambo, pini inaachana na ethi, taa inazima. Basi ukichomoa waya, taa haiwaki hata kama sampu, bakuli la oili chini ya injini, ni kavu. Ndiyo maana nikiletewa gari kuukuu hufungua swichi ya ufunguo kabla ya kupiga stata: taa isipowaka hapo, ama glopu imeungua, ama ameshapita mtu na koleo.

Tena taa hii huchelewa. Wewe tairi unalijaza upepo paundi 30 na zaidi. Swichi nyingi za oili huwasha taa presha ikishashuka hadi paundi 4 au 7 hivi.

Sasa yako. Oili ya moto ni nyepesi, na kwenye sailensa pampu inazunguka polepole. Meni beringi na beringi za kongorodi, zile zinazoshika shafti kuu ya injini, zikiwa zimelika, oili inapita hapo kirahisi na presha haijengeki. Huenda pia chujio cha ndani ya sampu kimeziba, au sailensa imeshushwa mno. Na huenda ni swichi tu, maana hewa yetu ya chumvi haihurumii vitu vya umeme. Ukikuta oili imevuja hadi kwenye soketi ya waya, kiwambo kimepasuka.

Angalia kijiti cha oili kwanza. Kisha ing'oe swichi ya oili, funga geji ya presha kwenye tundu lake, pasha injini moto barabara, usome. Toyota za rika hilo kiwanda kinaruhusu hata paundi 4 na kidogo kwenye sailensa, na 36 kwenda juu kwenye mizunguko 3000 kwa dakika. Mimi nikiona chini ya 10 kwenye sailensa huanza kuingia shaka. Geji ikisoma vizuri, nunua swichi mpya, yamekwisha. Ikisoma chini, teremsha sampu.

Oili nzito itaizima taa kwa muda, beringi zitabaki vilevile, na asubuhi injini ikiwa baridi oili hiyo itachelewa kupanda hadi kwenye kemshafti, shafti ya valvu iliyo juu.

Mpaka upime, usipakie abiria; injini ikinoki gharama yake unaijua. Niandikie namba mbili za geji, ya sailensa na ya 3000.