Michoro iwe na detaili kiasi gani? Angalia mkataba kwanza

Umeuliza kwa nini mradi mmoja ulidaiwa karatasi kibao za michoro na mwingine ukaanza na chache tu, ni namna kazi inavyotolewa hiyo. Kama ni ule mtindo wa dizaini kwanza, tenda, halafu ndo ujenzi, kontrakta anapiga bei kwa kile anachokiona kwenye karatasi, sasa ukisahau kuonyesha maji ya mvua yanazuiwaje pale juu ya dirisha yeye hajaiweka kwenye bei na atakuja kudai nyongeza, na mara nyingi ana haki. Hapo unachora mpaka kona ya mwisho, jedwali la milango na aina ya bawaba humo humo. Ila dizaini na ujenzi vikiwa kwa kampuni moja, mteja anaanza na mahitaji tu, detaili nyingi wanamalizana wenyewe, na michoro ya msingi wa jengo inaweza kutoka watu wakaanza kuchimba wakati paa hata halijachorwa (raha ila inatisha, ukuta ukihama baadae zege lishamwagwa). Wanaotoa kibali cha ujenzi lakini mkataba wako hauwahusu, michoro ya njia za kutokea moto wataitaka tu.