Tairi za misumari kwenye theluji: zinaliwa na nini?

Mkuu umeuliza mambo mawili: kama theluji ni laini, mbona tairi za Rally Sweden, rali ya Sweden ya majira ya baridi, zinaisha mapema, na kwa nini steji (kipande cha njia ambacho kila gari linapimwa muda) inakatishwa halafu dereva ambaye hakukimbia anapewa muda. Nimefunga tairi kwenye timu ndogo ya rali hapa Arusha misimu minne, na nilipokuwa masomoni Umeå, Sweden, niliwahi kusimama msituni mwezi wa pili nikatazama kwa macho yangu.

Theluji haina shida na tairi. Inayoila ni njia iliyo chini. Zile barabara za msituni ni changarawe kama ya kwenda Oljoro, ila baridi imezigandisha. Tairi ni nyembamba, milimita 205 wakati ya lami ina 235, ipenye theluji ifike kwenye barafu. Ile ya kampuni ya Pirelli iliyotumika miaka ile ilikuwa na misumari 384, kila mmoja umetokeza milimita 6 hadi 7. Asubuhi barafu ikiwa nzima, gari linashika utadhani liko kwenye reli. Mchana steji ileile inarudiwa, barafu imeshachimbwa, kokoto ziko juu. Msumari ukigonga jiwe unalegea, unapinda, mwisho unachomoka na kuacha tundu. Dereva wa kukanyaga mafuta gurudumu likizunguka bure ndiye anayebaki na kipara. Niliokota msumari mmoja njiani baada ya magari kupita. Uko kwenye dashibodi ya Noah yangu mpaka leo, abiria wanadhani ni hirizi.

Kwetu unaokatika ni mpira wenyewe. Kuna msimu, upande wa Monduli, mvua ilinyesha usiku nikamwambia dereva tufunge tairi laini. Saa nne jua likawaka, njia ikakauka, tairi mbili za nyuma zikarudi zimechanika mpaka nyuzi zinachungulia. Kosa langu hilo, sikumsingizia mtu. Nilikuwa nimechagulia njia ya alfajiri, wakati sisi tulikuwa wa tisa kuondoka.

Steji kufutwa, mara nyingi ni joto. Mwaka 1990 rali nzima ya Sweden haikufanyika kwa sababu hiyo. Mwaka 2020 ilipunguzwa sana, dereva Elfyn Evans akashinda, na kuanzia 2022 wakaihamishia Umeå, kaskazini zaidi. Kuna na kichekesho cha 2017: steji ya Knon ilifutwa mzunguko wa pili kwa kuwa magari yalikuwa yanakwenda kasi mno, wastani wa zaidi ya kilomita 130 kwa saa. Juu ya barafu!

Kukatishwa katikati ni jambo lingine. Madereva huegemea kingo za theluji kwenye kona. Ukingo ukiwa mlaini unalimeza gari. Siku ile moja lilizama mbele yetu, watazamaji wakalivamia kwa koleo na mikono, sawasawa na gari likinasa matopeni huku, tofauti hakuna aliyeomba hela ya soda. Njia ikiziba kabisa, bendera nyekundu inatoka, walio nyuma wanapita polepole, na wasimamizi wanawapangia muda wa makisio. Ndio huo uliouona kwenye matokeo.