Makosa ya riwaya huzaliwa wakati wa kusahihisha

Wasomaji wakikuta riwaya inajipinga yenyewe, husema mhariri hakusoma. Si kweli. Makosa mengi ya namna hiyo, kama marehemu wa sura ya 5 kuonekana akinywa chai sura ya 19, huingia wakati wa marekebisho yenyewe. Nimesoma prufu (nakala za kukagua kabla kitabu hakijachapwa) kwa miaka, na nimeyaona yakizaliwa: mwandishi anamgeuza dada kuwa binamu katika rasimu ya nne, anabadilisha kila mahali, halafu neno moja “mama yetu” linabaki kwenye mazungumzo. Kitafutio cha kompyuta hakilinasi, maana jina halijatajwa hapo. Msomaji wa prufu naye anawinda herufi na nukta. Ukoo wa wahusika si kazi yake, na tarehe ya kwenda mtamboni imeshafika.

Hata vitabu vikubwa havikupona. Katika chapa za kwanza za Harry Potter and the Goblet of Fire (2000), vivuli vya waliouawa na mchawi mwovu Voldemort vinatoka kwenye fimbo yake ya uchawi kwa kurudi nyuma, aliyekufa mwisho akitangulia. Lakini babake Harry anatoka kabla ya mama, ilhali baba ndiye aliyeuawa kwanza. Chapa za baadaye zilirekebishwa, kwa hiyo angalia una nakala ipi kabla ya kubishana.

Ila kama hadithi inasimuliwa na mhusika mwenyewe, usiharakishe kulaumu. Huenda mwandishi amemfanya mwongo kwa makusudi.