Jibu: Kibao kilionyesha dakika 4 za nyongeza, goli la dakika ya 90+5 ni halali?

Mkuu, ni halali, ingawa inauma. Sheria namba 7 ya soka inasema kile kibao cha mwamuzi wa akiba ni kiwango cha chini tu. Refa anaweza kuziongeza hizo dakika, kuzipunguza hawezi.

Na nani alimpa sababu? Sisi wenyewe. Nilikuwa jukwaa la mzunguko pale uwanja wa Jamhuri, Dodoma, karibu na kibendera cha kona. Dakika ya 92, ngoma ikiwa 1-1, beki wetu akalala chini. Machela ikaja, akaikataa, akaanza kufunga kamba za viatu taratibu kama mtu anayesubiri daladala ya Area C. Tukampigia makofi! Hata mimi nilipiga, karanga zikamwagika. Refa akatazama saa yake mara mbili.

Halafu kona, jamaa anaruka peke yake nguzo ya pili, 1-2. Wewe unauliza saa, mimi nauliza nani alikuwa anamkaba. Winga wetu aliyeingia dakika ya 88 alikuwa bado anaonyeshwa kwa mikono pa kusimama. Mzee aliyekaa jirani yangu hakusema kitu, alikunja gazeti alilokuwa amelikalia akaondoka.