Maswali na majibu: Kupiga picha za mwezi na sayari ukiwa Dar es Salaam

Shikamoo. Kila nikipiga mwezi kwa simu ninapata duara jeupe lisilo na alama yoyote. Je, nitafute simu ya bei kubwa zaidi? (Mwanafunzi, Mbagala)

Marahaba. Simu uliyo nayo inatosha kwa kuanzia. Simu inapoliona anga jeusi hudhani kwamba picha nzima ina giza, ikaongeza mwanga, na mwezi ukaungua, yaani ukawa mweupe mtupu. Kumbuka kwamba mwezi unamulikwa na jua lile lile linalotumulika sisi mchana, kwa hiyo unapaswa kupigwa kama kitu kilichoko juani. Gusa mwezi kwenye kioo na ushikilie kidole hadi fokasi ijifunge, kisha ushushe mwanga taratibu mpaka madoa ya kijivu yajitokeze. Mwenye kamera aanze na ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/11 (ukubwa wa tundu la lenzi) na kasi ya 1/100 ya sekunde kwa mwezi mpevu, na aongeze muda kadiri mwezi unavyokuwa mwembamba. Ukipata darubini ya kuazima, hata ile ya macho mawili, ifunge mahali imara, weka lenzi ya simu kwenye kijicho chake (kioo cha kuchungulia), na utege simu ijipige yenyewe baada ya sekunde 3 ili mkono wako usiitikise.

Niliusubiri mwezi mpevu kwa hamu, lakini kasoko zake (mashimo ya mviringo) hazikuonekana vizuri. Kwa nini? (Temeke)

Kwa sababu usiku huo jua linaupiga mwezi usoni, na pasipo vivuli kasoko hazina kina. Piga mwezi ukiwa nusu, ukilenga mpaka wa mwanga na giza, mahali ambapo jua ndiyo kwanza linachomoza. Wakati huo utaziona kasoko za Ptolemaeus, Alphonsus na Arzachel zimejipanga mstari mmoja, na siku mbili hivi baadaye kasoko ya Copernicus, yenye upana wa kilomita 93 hivi, hutokeza gizani ikiwa na kivuli kizito ndani yake. Kwangu mimi usiku huo una thamani kuliko mwezi mpevu wowote.

Ninaishi ghorofani Kariakoo na taa zimenizunguka. Ni lazima niende Kisarawe kwenye giza?

Kwa mwezi na sayari, hapana. Taa za jiji huficha nyota hafifu, lakini haziwezi kuifuta Mshtarii (Jupiter) wala Zohali (Saturn). Kinachoharibu picha ya sayari ni hewa inayotikisika. Mabati na zege hunyonya joto mchana kutwa na kulitoa usiku, na ukipitisha darubini juu ya mapaa hayo sayari hucheza kama sarafu iliyo ndani ya ndoo ya maji. Subiri ipande. Hapa ndipo tulipopendelewa kuliko wapiga picha wengi wa Ulaya: Dar es Salaam iko takribani nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo Mshtarii na Zohali zinapofika kilele chao huwa zaidi ya nyuzi 55 juu ya upeo, mwaka wowote, na mara nyingine hukaribia utosini kabisa, ambako mwanga wake hupenya hewa kidogo zaidi. Mtu wa London kuna miaka ambayo huiona Zohali ikitambaa chini juu ya mapaa, na hana la kufanya.

Mshtarii yangu ni nukta yenye ukungu, lakini rafiki yangu mwenye darubini kama yangu anapata mistari. Anafanyaje? (Kinondoni)

Bila shaka hapigi picha moja, anarekodi video. Video ya dakika 2 yenye fremu 30 kwa sekunde inakupa fremu 3,600, yaani picha moja moja zinazounda video. Zipitie moja moja na utaona ajabu: katika fremu hii sayari imevutika kama yai, katika inayofuata imemomonyoka ukingoni, halafu ghafla hewa inatulia na mikanda miwili ya kahawia inasimama wazi, kisha inapotea tena. Programu ya AutoStakkert, ambayo ni ya bure, huzipanga fremu hizo kwa ubora. Chagua asilimia 10 au 20 zilizo bora, nayo itazilaza moja juu ya nyingine hadi chenga zipungue. Baada ya hapo unainoa picha kwa programu nyingine, RegiStax. Usirekodi kwa muda mrefu mno, kwa kuwa Mshtarii hujizungusha kwa muda usiotimia saa 10, na ndani ya dakika chache alama zake huwa zimesogea. Ile miezi minne aliyoiona Galileo mwaka 1610 inahitaji mwanga mwingi kuliko sayari yenyewe, hivyo irekodi peke yake. Nakusihi pia usinoe kupita kiasi: mduara mweupe unaojitokeza ukingoni hauko kwenye sayari, na picha laini iliyo ya kweli ni bora kuliko kali yenye vitu visivyokuwepo.

Nimeona darubini inayouzwa na kiegemeo cha kufuata mzunguko wa dunia, na maelezo yanataka nikielekeze kwenye Nyota ya Kaskazini. Niinunue?

Nyota hiyo hapa kwetu haionekani. Mhimili wa kiegemeo hicho ungepaswa kuelekea ncha ya kusini ya anga, ambayo kwetu iko nyuzi 7 tu juu ya upeo, nyuma ya nyumba za majirani, na viegemeo vingi haviinamishwi kwa urahisi kiasi hicho. Chukua darubini ya Dobson ya inchi 6 au 8 inayosukumwa kwa mkono. Iache sayari ipite yenyewe kwenye kioo huku unarekodi, isukume tena, urekodi tena. Programu itazipanga fremu zote katikati.

Lenzi yangu imeota utando mweupe kwa ndani. (Kigamboni)

Hiyo ni fangasi, na unyevu wa pwani huilea. Mpelekee fundi mapema kabla haijala kioo. Baada ya kila matumizi hifadhi vifaa ndani ya boksi lenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika (vinavyonyonya unyevu) vilivyokaushwa, wala usiviache ndani ya begi la kitambaa. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, acha lenzi ikiwa imefunikwa nje kwa nusu saa, kwa sababu ukiifunua papo hapo itatokwa na jasho.