Gari linachemsha, fundi katoa thamostati: maswali yenu na majibu

SWALI, kutoka Kimara, Dar es Salaam
Habari za kazi, mafundi. Nina Vitz ya 2006, silinda tatu, cc 1000. Lilichemsha kwenye foleni, fundi akatoa thamostati akisema hiyo ni ya nchi za baridi. Sasa barabara kuu halina shida, ila foleni taa nyekundu ya joto kwenye dashibodi bado inawaka, na petroli inaisha haraka kuliko zamani. Nifanyeje?

JIBU
Kwanza, thamostati irudi. Kwamba ni ya nchi za baridi si kweli, na maneno hayo yameshaharibu injini nyingi. Kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake la kazi, halafu inafunguka. Ukiitoa, injini inabaki baridi ikiwa mwendoni, kompyuta inadhani gari ndiyo kwanza limewashwa asubuhi, na inazidisha petroli. Hapo ndipo mafuta yako yanapokwenda.

Kama ile ya zamani unayo, ipime jikoni. Itumbukize kwenye sufuria ya maji, washa jiko. Joto la kufungukia huchapwa juu yake, na nyingi za Toyota ndogo ni 82. Maji yakianza kutokota iwe imefunguka wazi. Yakipoa ijifunge yenyewe. Ikibaki imefunga wakati maji yanatokota, hiyo ni mbovu, nunua nyingine pamoja na raba yake.

Lakini gari linalochemsha foleni na kutulia safarini, sisi tunaanza na feni. Likikimbia, upepo unapoza rejeta. Likisimama, inabaki feni peke yake. Washa injini, washa AC: feni izunguke. Isipozunguka, angalia fyuzi. Kisha chomoa relei yake (swichi ndogo inayopitisha umeme wa feni) uweke nyingine ya namba ile ile kutoka kwenye boksi hilo hilo. Bado? Ipe mota umeme wa betri moja kwa moja. Ikikataa hata hapo, mota imekufa, mara nyingi kwa sababu kaboni zake zimeisha. Fundi akikushauri aiunge feni izunguke muda wote ukifungua switi, mkatalie. Mota itachoka mapema, na kosa la sensa au waya litabaki limefichwa.

Feni ikiwa nzima, chungulia kati ya rejeta ya AC na rejeta ya maji. Vumbi na wadudu hujaa hapo, na kwa mbele huwaoni. Osha ukitokea nyuma, kwa maji yasiyo na presha kubwa, maana mapezi ya rejeta, yale mabati membamba, hulala upesi.

Wakati wa kujaza, tumia kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), si maji ya bomba yanayoleta kutu kwenye njia za maji. Weka hita kwenye joto la mwisho, jaza polepole injini ikiwa inaunguruma, ukiminyaminya mipira ya rejeta, mpaka feni iwake na mapovu yaishe. Mapovu yakiendelea bila kukoma, au oili ikawa rangi ya maziwa, gasketi ya silinda hedi (kichwa cha injini) ipimwe kabla hujanunua kitu kingine.

Na hili tunakusihi: Vitz hiyo haina mshale wa joto. Ina taa ya bluu injini ikiwa baridi, na nyekundu ikizidi joto. Nyekundu ikiwaka, simama hapo hapo uzime. Kilomita mbili za kujikaza zinatosha kupinda hedi, kwa kuwa ni ya aluminiamu. Usifungue mfuniko wa rejeta mpaka uweze kuushika kwa mkono mtupu.

SWALI, kutoka Dodoma
IST yangu inatetemeka nikisimama kwenye taa, na taa ya injini imewaka. Nimeambiwa ninunue injini nyingine.

JIBU
Usinunue. Gari lipimwe kwa mashine ya kusoma kodi, yaani namba za makosa. Ikisoma P0303, silinda ya tatu ndiyo haichomi. Hamisha koili (kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche) ya tatu uiweke kwenye ya pili, futa kodi, endesha. Ikirudi P0302, koili hiyo ndiyo mbovu, na umeshapona gharama ya injini. Kodi isipohama, fanya hivyo hivyo kwa plagi.

Ukichomoa koili ukakuta shimo la plagi lina oili, raba za kava la valvu zimekauka. Badilisha gasketi yote, la sivyo koili mpya nayo itakufa. Plagi zifungwe injini ikiwa baridi: kaza kwa vidole mpaka iguse, kisha plagi mpya iongeze nusu mzunguko kwa spana. Taa ya injini ikiwa inawaka na kuzima, usisafiri nayo. Petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosti na kuunguza katalisti, kifaa cha kusafisha moshi.

Kama hakuna kodi, na mtetemo unapungua ukitoa D kuweka N, angalia mauntini, raba zinazoshikilia injini.

SWALI, kutoka Tanga
Zulia la abiria wa mbele la Passo yangu linalowa, na rangi chini ya mlango inavimba.

JIBU
Gusa maji hayo. Yakiwa safi, yasiyo na harufu, ni ya AC: mpira wake wa kutolea maji nje umeziba. Uchomoe kwa chini, uzibue kwa waya laini. Yakiwa na rangi na utelezi, rejeta ndogo ya hita inavuja.

Rangi iliyovimba ina maana kutu imeanzia ndani. Kwenye ukingo wa chini wa mlango kuna matundu ya kutoa maji, yazibue tope. Kisha pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa kando ya uvimbe. Isiposhika, chini yake kuna pati tu (kijazio cha kusawazisha bodi). Mwambie fundi bodi akate bati lililooza na achomelee jipya, kisha apulize nta ya kuzuia kutu kwa ndani. Akipaka pati juu ya kutu, chumvi ya hewa ya Tanga itaitoa tena.